Umeteguka Tu

Mume wangu aliumia mguu siku ya Jumanne asubuhi, kwenye shamba moja upande wa Chepsaita, na kwa siku kumi zilizofuata mtu aliyekuwa akimuumiza ni mimi. Naanza hapo ili asitokee mtu wa kunionea huruma mapema.

Alikuwa dereva wa trekta. Mvua za kupanda zilikuwa zimeingia na wenye mashamba walikuwa wakimgombania. Plau ilinasa mabua ya mahindi ya mwaka uliopita, akashuka kuyatoa, akakanyaga ukingo wa mtaro uliolowa. Mguu wa kushoto ukageuka, na mwili wake wote, ambao si mdogo, ukauangukia. Alisikia kitu kikilia ndani, kama kijiti kinachokatika. Hilo nilikuja kuambiwa miezi mingi baadaye. Siku yenyewe alipanda tena kwenye kiti, akalima kipande kilichobaki huku akikanyaga klachi kwa mguu huohuo, kisha akaletwa nyumbani, mtaa wa Pioneer, kwa bodaboda. Alishuka getini, akatembea mpaka kwenye kochi, akaomba chai.

Huko kutembea ndiko kulikotuponza. Majirani waliokuja kumpa pole walisema jambo moja, mmoja baada ya mwingine: "Si ametembea mwenyewe? Basi haijavunjika. Imeteguka tu." Kwetu hiyo ni sheria, ingawa sijui nani aliipitisha. Aliyevunjika hatembei. Mimi nauza dawa za mifugo kwenye duka la agrovet mjini, na kwa ng'ombe sheria hiyo haina makosa. Ng'ombe akivunjika mguu hauweki chini hata umpige. Lakini ng'ombe hana haya, wala hajafunzwa kuwa mwanamume.

Jioni hiyo nilimpigia mama simu.

Mama yangu ni mkandaji. Anaishi Turbo. Yeye na baba walifika huko kutoka magharibi wakitafuta kibarua kwenye mashamba ya mahindi, na tangu nikiwa mdogo watu walikuwa wakimletea vifundo vya miguu, viwiko, na vidole vilivyogeuka kwenye mpira. Dawa yake ilikuwa maji moto yenye chumvi, mafuta ya kukamulia ng'ombe, na vidole gumba viwili. Wengi walipona. Siku hizi najua kwamba wengi wao wangepona hata wangekandwa na mvua, maana mguu ulioteguka ukipumzishwa hurudi wenyewe. Lakini sitaki kumdharau. Mama alijua kutenganisha. Zaidi ya mara moja nilimwona akiosha mikono katikati ya kazi na kumwambia mtu, "Huu si wangu. Huu ni wa hospitali."

Njia yake ilikuwa hivi. Alibonyeza nyama kwanza, mbele na chini ya kifundo, mahali ambapo teguko huuma. Halafu alibonyeza mfupa wenyewe, ile nundu ya pembeni, kwa upande wa nyuma, kwa ncha ya kidole. Wakati huo hakuangalia mguu. Aliangalia uso. "Mdomo utaniambia chochote," alikuwa akisema. "Uso hauna nafasi ya kupanga." Mtu akikunja uso kwenye nyama, alikandwa. Akikunja uso kwenye mfupa, aliambiwa aende zake. Na kwa watu wetu njia hiyo ilifaa kabisa, kwa sababu sisi Waluhya tukiumia tunaumia na majirani wote.

Mume wangu ni Mnandi. Alipotahiriwa, wazee walisimama mbele yake wakimwangalia kope. Kope ikicheza, aibu hiyo humfuata mtu mpaka kwa wajukuu. Yake haikucheza. Alinisimulia mara moja tu, tukiwa bado wachumba, na nikampenda zaidi kwa hilo. Ujinga wa ujana.

Kulikuwa na jambo la pili. Kwetu, mama mkwe na mkwe wake hawagusani. Hawashikani mikono, hawali meza moja, na mama halali nyumbani kwa binti yake. Wengi wa mjini wameiacha mila hiyo. Mama hajaiacha. Kwa hiyo Jumatano alipofika alipitia mlango wa nyuma, akaketi jikoni kwenye kigoda, pazia likiwa kati yake na sebule, na mimi ndiye niliyekuwa mikono yake na macho yake. Kulala alilala kwa dada mmoja wa kanisa, nyumba ya tatu kutoka kwetu, na kila asubuhi akarudi kwenye kigoda chake.

"Bonyeza nyuma ya nundu," aliniambia kutoka jikoni. "Uso ukoje?"

Nilimwangalia mume wangu. Alikuwa akitazama kalenda ukutani.

"Umetulia, Mama."

"Bonyeza tena, usiogope."

Nikabonyeza. Juu ya mdomo wake palikuwa na jasho kidogo, lakini beseni la maji moto lilikuwa hapo karibu likitoa mvuke. Uso haukusogea.

"Umetulia."

"Basi umeteguka tu," mama akasema, na nikamsikia akishusha pumzi. "Chukua mafuta."

Hivyo ndivyo tulivyoingia. Njia ya kusoma nyuso za watu wanaolia ilitumiwa kwa mtu aliyefunzwa asilie, na msomaji mwenyewe alikuwa nyuma ya pazia. Ukiniuliza nani alikosa siku hiyo ya kwanza, nitasema hakuna. Nasema siku ya kwanza.

Jioni akaja wifi yangu. Ni dada mkubwa wa mume wangu, mwalimu kule Timboroa, mtu wa kusema jambo mara moja na kutarajia limeshafanyika. Aliuangalia mguu, ambao ulikuwa umevimba mpaka nundu hazionekani. Akaangalia beseni. Akaangalia mafuta.

"Huyu apelekwe apigwe picha," akasema. "Hii mambo ya kukandwa-kandwa na mama wa Turbo muache."

Mama wa Turbo alikuwa jikoni, hatua nne kutoka hapo, akikata mboga ambayo wifi mwenyewe angekula. Nilisikia kisu kikinyamaza. Katika ndoa yangu yote, watu wa upande ule hawakuwahi kumwita mama yangu kwa heshima iliyozidi hiyo. Kwao alikuwa mwanamke wa kibarua aliyebahatika binti yake kuolewa penye shamba.

"Umeteguka tu," nikamwambia. "Mama ameona mingi kuliko hao wa picha."

"Ameona? Na si yuko jikoni?"

Mume wangu aliulizwa, akasema, "Iko sawa. Itapoa." Wifi akaondoka bila kumaliza chai, na kwa watu wa huku hilo si jambo dogo.

Alhamisi, mara ya pili ya kumkanda, kidole gumba changu kilipopita juu ya nundu ya nje nilisikia kitu. Sikukisikia kwa masikio. Kilikuwa chini ya ngozi, mchakacho mdogo, kama kusugua chembe za chumvi ya mawe ndani ya kitambaa. Nikarudisha kidole. Kikachakacha tena. Mimi nimelelewa na mkandaji. Najua nyama haichakachi.

"Unasikia nini?" mama akauliza.

Lilikuwa swali lake la kazi, la kila siku. Na mimi, badala ya kuufikiria mguu, nilimfikiria wifi. Niliona akilini gari limekuja, nikaona habari ikizunguka Timboroa na Chepsaita kwamba mama wa Turbo alikanda mfupa. Nikajiambia labda ni hewa tu. Nikajiambia tungoje siku moja.

"Hakuna kitu, Mama."

"Basi endelea."

Nikaendelea. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema lolote juu ya anayeficha maradhi ya mwenzake.

Ijumaa ingekuwa rahisi kusema. Jumamosi ikawa ngumu kidogo, maana ningeulizwa na ya Ijumaa. Kufikia Jumatatu nilikuwa nimeshazama, na kilichobaki ni kuomba nisiwe nimesikia vizuri. Niliomba kweli, kanisani, nimepiga magoti, nikimwomba Mungu auunge mfupa kabla mama hajajua. Sijui nilidhani Mungu anamfanyia nani kazi.

Mama alinielekeza kutoka jikoni wapi nipite na vidole, na kwa kuwa uvimbe haukushuka aliona tatizo ni mkono wangu mwepesi, akanihimiza nikaze. Mume wangu aliitazama kalenda. Nilianza kumchukia kwa utulivu wake. Akilia mara moja tu, nilifikiri, sote tutaokoka. Kila asubuhi nilitamani alie, na kila asubuhi nilipomaliza alisema, "Asante, mama watoto." Nilikuwa nikienda kumwaga maji ya beseni nyuma ya nyumba na kukaa huko muda mrefu kuliko kazi yenyewe ilivyohitaji.

Mguu ulibadilika. Weusi ulishuka kutoka kwenye kifundo mpaka chini ya vidole. Kisha yakatoka malengelenge yaliyojaa maji meusi, na Alhamisi ya pili moja likapasuka mkononi mwangu. Nilimwambia mama ni mafuta yamemkataa. Akashangaa, kwa sababu mafuta yale hayajawahi kumkataa mtu, lakini akaniamini, kwa sababu mimi ni binti yake. Nikabeba kutoka dukani ile dawa ya zambarau ya kupuliza vidonda vya ng'ombe, nikampulizia mume wangu. Ijumaa, mara ya kumi ya kumkanda, chumba kilikuwa na harufu, na sisi wawili tukajifanya ni ya soksi.

Jumamosi wifi alikuja na gari la jirani yake. Hakuomba ruhusa ya mtu. Alifungua mlango, akavuta hewa mara moja, akamwambia ndugu yake, "Simama." Ndugu yake akasimama, akaenda mpaka kwenye gari kwa miguu yake miwili, akiwa ameshika ukuta kidogo tu. Mama alibaki jikoni. Nilipopita kuchukua leso alinishika mkono. "Kuna nini?" aliuliza. Nikamwambia sijui.

Hospitalini daktari alikuwa msichana mdogo mwenye sauti ya uchovu. Alinigeuzia kioo cha kompyuta. Mfupa wa nje ulikuwa umekatika mshazari, wa ndani umebanduka, na nyuma yake kulikuwa na kipande cha tatu ambacho kilikuwa kimetembea mbali na wenzake.

"Nani alikuwa anaikanda, Mama?"

"Mimi."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema vipande kama hivyo mwanzoni mara nyingi huwa vimekaa karibu, na kwamba kusuguliwa ndiko kunakovisukuma. Alisema hawezi kufungua mguu kwa sasa kwa sababu ngozi ina usaha, na kungoja nako kuna hatari yake.

"Lakini alitembea," nikasema. Ndicho nilichokuwa nacho.

"Wengine hutembea," akajibu. "Sisi tunaangalia kama anaweza kupiga hatua nne, na tunabonyeza mfupa hapa nyuma. Lakini yote inataka mgonjwa akubali kusema inauma. Ikivimba hivi na yeye anasema iko sawa, unapiga picha tu, haumuulizi." Akamgeukia mume wangu. "Mzee, hii ilikuwa haiumi?"

"Iliuma kidogo," mume wangu akasema, na wifi yangu akageukia dirisha akalia.

Sitaeleza mengi ya miezi iliyofuata. Walisafisha, wakangoja, wakaweka vyuma. Kidonda kikaoza, wakatoa vyuma. Mwishowe kifundo kiliganda. Hakikunjiki, hakinyooki, na mguu umekuwa mfupi kuliko mwenzake. Klachi ya trekta iko kushoto. Msimu uliofuata alijaribu kuikanyaga kwa kisigino, trekta ikaruka ikavunja uzio wa mwenye shamba. Mwenye shamba, mtu mwema, alicheka, akasema uzio ni mbao tu, akanyoosha mkono kuomba ufunguo. Mume wangu alimpa. Tangu siku hiyo hukaa barazani asubuhi hadi jioni, na trekta ikipita barabarani husema ni aina gani kabla haijaonekana.

Mama naye alirudi Turbo siku ile ile ya hospitali. Jumapili iliyofuata alisimama kanisani kwao, mbele ya wanawake wenzake, akasema mikono yake imemharibu mkwe wake na hatamgusa mtu tena. Niliambiwa na aliyekuwepo. Wengine walimwombea, wengine walianza kukumbuka miguu yao aliyoikanda, ambayo huuma baridi ikizidi. Nilisikia yote hayo, nikaenda kazini, nikauza dawa ya kupe.

Miezi ikapita. Jumapili moja, mwaka huu, tulikuwa barazani sisi wawili, na nikamuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza.

"Nikikukanda, ilikuwa inauma namna gani?"

"Kuanzia siku ya kwanza nilikuwa naona giza."

"Mbona hukusema?"

"Mama yako alikuwa jikoni. Mtu mzima alie mama mkwe akisikia?" Kisha akasema, bila ubaya wowote, "Na mkono ulikuwa wako. Nilifikiria unajua."

Nikamwambia. Nilimwambia mchakacho, nikamwambia siku, nikamwambia kwamba nilikuwa nikimlinda mama na midomo ya ndugu zake. Hakupandisha sauti. Aliuangalia mguu wake muda mrefu, kama aliyeletewa mgeni.

"Mama anajua?"

"Hajui."

"Anafikiri ni yeye?"

"Ndiyo."

"Enda umwambie," akasema. "Mimi na wewe tutaongea baadaye."

Hatujaongea. Sijui kama amenisamehe ama amenyamaza tu, kwa mtu yule vyote viwili hufanana.

Nilienda Turbo Jumamosi. Nilimkuta mama mlangoni na mwanamke aliyefunga kiganja kwa leso. "Mimi siku hizi sishiki mtu," mama alikuwa akimwambia. "Enda hospitali, mama, wapige picha." Mwanamke alibembeleza, akasema ni teguko tu, akaondoka amekasirika. Mama akaketi kwenye benchi, akanionyesha nikae. Sikukaa. Nilijua nikikaa nitaanza kuuliza habari za mahindi.

Nilisema yote nikiwa nimesimama. Hakunikatiza, na hakuniuliza kwa nini. Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo njia nzima.

"Ulisikia siku ya ngapi?" akauliza.

"Ya pili."

"Na tulikanda ngapi?"

"Kumi."

Akafungua mikono yake juu ya mapaja. Akakunja kidole kimoja, cha siku ya kwanza, akakiacha pale. Kisha akavihesabu vilivyobaki, kimoja kimoja, midomo ikitembea, mpaka akavimaliza.

"Tisa," akasema. "Siku tisa nakwambia kaza, na wewe unakaza."